Nilimwambia mzee wa vita ananidanganya, sasa hataki kurudi kliniki

Shikamoo mama. Naomba unisaidie mana hapa nilipo naona kama nimeharibu kitu kikubwa na sina wa kumwambia, wenzangu kazini wananiona nakuza mambo.

Mimi ni binti wa miaka 29, niko Tabora mjini, kazi yangu ni kupima masikio. Watu wakisikia ivo wanadhani kazi yangu ni kutoa nta na kutoa maharage kwenye masikio ya watoto, lakini mimi ni mtaalamu wa usikivu, yani odiolojia, namkalisha mtu kwenye chumba kisichopitisha kelele, namvalisha hedifoni, namchezea visauti kuanzia vizito mpaka vyembamba kabisa, akisikia anabonyeza kitufe, alafu nachora odiogramu inayoonyesha kapoteza usikivu kiasi gani na wapi. Anayehitaji shimesikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti, namchagulia, naiseti kulingana na sikio lake, namfundisha kuivaa na kubadili betri.

Wagonjwa wangu zaidi ya nusu ni wazee waliostaafu jeshi. Tabora unaijua mama, mji wa kambi huu, wengi walipomaliza utumishi wakajenga hapahapa, Ipuli, Cheyo, Isevya, wengine wakarudi Sikonge na Urambo wanalima tumbaku na kutundika mizinga ya nyuki. Wale waliopigana vita ya Kagera 1978 na 1979 ndo hao sasaivi wana miaka 65 kwenda juu. Nawapenda kwakweli. Wananiita daktari mjukuu, wananiletea asali na michembe, na maembe msimu wake ukifika, na wana adabu ya kliniki ambayo vijana hawana, ukimwambia saa mbili unamkuta kakaa benchi saa moja na nusu, viatu vimepigwa rangi.

Sasa kuna mzee mmoja, ana miaka 68, alikuwa askari wa miguu, alikwenda mpaka Uganda. Alipostaafu akawa na mashine ya kusaga, kaiendesha mwenyewe karibu miaka kumi na sita. Alikuja na mkewe, malalamiko ni yaleyale, redio juu, simu hapokei, mkewe akimwita hageuki. Nikampima. Majibu yakatoka mabaya sana, desibeli 70, 75, karibu sauti zote masikio yote mawili, na desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, namba ikipanda ndo usikivu umeharibika zaidi. Lakini nilipomsomea maneno arudie, akarudia vizuri tu kwa sauti ndogo ambayo kwa majibu yale hakutakiwa hata kujua kama nimefungua mdomo. Nikajua kuna jambo. Nikampa shimesikio za kuazima ajaribu, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Aliporudi nikarudia kipimo, safari hii sauti nzito zikatoka 40 na 45, tofauti ya desibeli 30 mama, wakati sisi tumefundishwa ikizidi 10 ujiulize. Sauti nyembamba zikabaki mbaya, pale hezi 4000 (hezi ndo kipimo cha wembamba wa sauti) kushoto 80 na kulia 65. Kabla sijasema kitu akatoa fomu ya kuomba fidia kwenye bahasha ya kaki, akaniomba niandike kwamba masikio yake yameharibiwa na vita. Nikamwambia mzee wangu hapa tusubiri kwanza. Wakati tunaongea bodaboda wake akamwita toka mlangoni, "Mzee tunaondoka?" na yeye akageuka palepale.

Siku hiyo nilikuwa nimechoka, nimepima watu kumi na moja, sijala. Nikamwambia, "Mzee, naona unanidanganya." Na kwa vile hasikii vizuri hakunisikia, akasema "Eeh?" ikabidi nirudie kwa sauti. Mlango uko wazi. Benchi limejaa wazee wenzake. Mkewe yuko pembeni yangu.

Hakujibu. Alisimama wima kama yuko gwaride, akavua shimesikio moja moja, akazipanga kwenye kiboksi chake, akaweka mezani, akasema "Asante daktari." Hakusema mjukuu. Akatoka.

Ni wiki ya tatu sasa. Wazee tisa wa jeshi walikuwa na miadi, wamekuja wawili, na hao wawili hawanipigi stori. Mkewe alipita juzi akaniambia mzee haendi tena kwenye kahawa na wenzake, anashinda ndani na redio. Bosi wangu anasema achana naye, wazee wa jeshi wana mambo yao. Fomu aliiacha, iko kwenye droo yangu, kila nikifungua kuchukua kalamu naiona.

Niandike anavyotaka ili yaishe? Lakini nitakuwa nimesaini uongo, na mashine ya kusaga ile miaka yote niifiche wapi? Nisipoandika ndo nimemtukana mara mbili. Na je, niende kwake? Naogopa kufukuzwa mbele ya watu. Nikuambie na hili, babu yangu mzaa mama naye alikuwa askari, amekufa hasikii kabisa, na sisi wajukuu tulikuwa tunamchezea, tunafungua midomo bila kutoa sauti ili ahangaike. Nadhani ndo maana nilisomea kazi hii. Alafu nakuja kufanya vile.

Binti wa masikio, Tabora

*

Marahaba mwanangu. Mwangaluka.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikiwa nimekukasirikia, ya pili nikiwa na kalamu. Nijitambulishe kidogo kwa wasionijua, mimi ni muuguzi mstaafu, miaka yangu mingi ya kazi ilikuwa kliniki ya masikio, pua na koo, na ni mjane wa askari aliyekwenda vita hiyohiyo unayoisema. Kwaiyo nimekaa pande zote mbili za meza, ya mpimaji na ya mke anayeita mpaka anachoka.

Nianze na kosa lako ili tulimalize. Sio kwamba ulimshuku. Mpimaji asiyeshuku majibu yake hafai. Kosa ni lile neno, na kulipigia kelele mlango ukiwa wazi. Mtu ukimwambia "mzee, majibu ya leo na ya siku ile hayajakaa sawa, tujaribu tena ukiwa umepumzika," umesema jambo lilelile na hakuna aliyevuliwa nguo. Hilo unalijua, usingeniandikia kama hulijui, na njaa sio utetezi, weka karanga kwenye mkoba.

Sasa tuje kwenye kalamu, mana hapa ndo nina ugomvi na wewe wa kitaalamu.

Unasema alidanganya. Nikuulize, ulimuuliza kama masikio yanalia? Kwenye barua yote hujataja. Askari wa zamani, amepiga bunduki, amekaa jirani na mizinga, alafu usimuulize kama anasikia mlio kichwani? Mume wangu ule wake alikuwa anaufananisha na nyenze wakati wa kiangazi, hawanyamazi, usiku ndo wanazidi. Miaka mingi hakuniambia, alidhani kila mtu anao. Kule Marekani ambako wanahesabu mambo haya kwa askari wao wastaafu, mlio wa masikioni ndo tatizo linaloongoza kwa wanaolipwa fidia ya utumishi, na kupoteza usikivu nako ni miongoni mwa yanayoongoza. Sasa mtu mwenye mlio ukimvalisha hedifoni ukampigia kisauti chembamba kirefu, anajuaje kipi ni chako na kipi ni chake? Anakaa pale anajiuliza, hiki ni kile changu au ni cha binti? Mara abonyeze, mara asibonyeze. Ukiangalia karatasi unaona mwongo, kumbe ni mtu anayetafuta sauti ndani ya kelele ambayo wewe huisikii. Ndo maana tunatumia sauti ya kukatakata, pi pi pi, au ile inayoyumba, ili aitofautishe na ya kwake. Mashine yako ina hiyo kitu, nina uhakika, ni kitufe tu.

Utaniambia, mama, mlio ni mwembamba, mbona hata sauti nzito alikosea? Sawa, umenishika. Hapo ndo nakuuliza swali la pili, ulimpa maelekezo gani? Ukimwambia askari "bonyeza ukisikia" anachukua amri kama ilivyo. Habonyezi mpaka ahakikishe. Yule amefundishwa na watu wakali kwamba haurushi risasi hujaiona shabaha, wewe unataka abonyeze kwa kitu anachohisi kama kimepita mbali? Mume wangu mara ya kwanza alipimwa na kijana mmoja akatoka kiziwi kabisa kwenye karatasi. Mara ya pili nikamwambia mwenyewe, kwa Kinyamwezi, baba hata ukidhani tu bonyeza, ukikosea hakuna adhabu. Desibeli 20 zikapungua palepale. Wewe mzee wako mara ya pili alishazoea chumba, alishavaa shimesikio wiki mbili, alishajua mchezo, sauti nzito zikatoka 40. Mimi naona mtu aliyejifunza kipimo.

Na kurudia maneno vizuri kusikushangaze sana. Neno lina nyama nyingi, lina irabu, lina mazoea, "baba" na "kuku" mtu anaokota hata nusu yake. Kisauti kimoja cha mashine hakina pa kushikia.

Na bodaboda! Mwanangu, bodaboda wa Tabora hawanong'oni. Mwanaume anayeita toka mlangoni na pikipiki inanguruma nyuma yake, hiyo ni sauti nzito na kubwa, na sauti nzito ndizo zilizobaki kwa mzee. Angalia karatasi yako. Kinachomkimbia ni juu huko, kwenye s na sh na f na t na k, na kwenye sauti za watoto na za wanawake. Ndo maana nyumbani kwangu kulikuwa na vita nyingine baada ya vita, nikiita mimi hasikii, akiita jirani mwanaume anaitika "naam!" nikawa naamini kabisa ananidharau. Mjukuu akimwamkia, "shikamoo" inamfikia "ikamoo", ukisema "pata" na "kata" kwake ni mapacha. Anajua umeongea ila hajui umesema nini, alafu akikwambia "ongea kwa sauti" na ukapaza anasema usinipigie kelele. Sio ukaidi, sikio lililoumia ndo lilivyo, kidogo halitoshi na kikubwa kinauma. Mji wetu huu una shule ya viziwi tangu 1963, mtoto kiziwi watu wanamwelewa na wanamsaidia, lakini mzee anayesikia nusunusu wanamwita mjeuri.

Sisemi mzee wako hakuongeza chumvi. Inawezekana aliongeza. Wazee wanaambiana pale kwenye kahawa, "ukisikia sana watasema mzima." Na wana sababu, mana karatasi yako inapima kimya cha chumbani, haipimi msibani watu ishirini wanaongea kwa pamoja, haipimi usiku wa nyenze. Mtu akiona mateso yake yote yanageuzwa vidoti vitano kwenye mstari anaogopa vidoti havitatosha. Lakini kuongeza chumvi na kutunga chakula ni vitu viwili.

Sasa lile ambalo limenifanya nichukue kalamu mara ya pili. Umeandika mwenyewe kwa mkono wako, hezi 4000 kushoto 80, kulia 65. Ukapita. Mwanangu, rudi hapo.

Mtu anayeshika bunduki kwa bega la kulia analaza shavu kwenye kitako, sikio la kulia linajificha nyuma ya kichwa, la kushoto linatazama mdomo wa bunduki. Mlipuko ule unapita desibeli 140, na hapo hatuhesabu tena masaa kama kwenye kelele za kawaida, sikio linaumia palepale. Ndo maana askari wa miguu wengi sikio la kushoto ndo bovu zaidi, na linaanzia palepale kwenye 4000 au jirani yake. Uzee hauchagui upande. Mashine ya kusaga nayo haichagui, anakaa katikati ya kelele inamla kote kote, desibeli 85 ndo mpaka wa masaa nane, ukiongeza 3 tu muda unakatika nusu, na mashine za kusaga zinapita hapo bila shida, alafu yeye alikuwa anashinda nayo mpaka jioni. Kwaiyo mashine ipo kwenye masikio yake, umri upo, na bunduki nayo ipo, na imeacha sahihi yake upande wa kushoto. Muulize anapigia bega gani. Akisema kushoto nitakula maneno yangu.

Muulize na mengine ambayo naona hukuuliza. Kwinini alimeza kiasi gani na alichomwa mara ngapi, mana ile inaleta mlio, ingawa mara nyingi unaondoka dawa ikiisha. Kama aliwahi kuugua kifua kikuu akachomwa streptomaisini, hiyo haiondoki, inaua zile seli zenye vinywele ndani ya sikio, na binadamu anazaliwa nazo kama 15,000 kila sikio na zikifa hazioti tena. Kama aliwahi kutoka damu sikioni baada ya mlipuko. Kama walipewa kitu cha kuziba. Wa kwangu aliniambia waliambiwa wafungue midomo mzinga unapolia, na wenye bahati walikuwa na pamba. Na ile mizinga ya roketi ambayo Waganda waliipa jina la saba saba, alisema ukiwa karibu nayo hausikii kama sauti, unasikia kifuani. Aliniambia hayo mara moja tu, mwaka mmoja kabla hajafariki, tukiwa tunamenya viazi vya matobolwa, na sikumuuliza zaidi, na hilo linanisumbua mpaka leo.

Sasa fomu. Usiandike "yameharibiwa na vita." Usiandike pia "hayahusiani na vita." Yote mawili hujui, hukuwepo. Andika alichokueleza kuhusu utumishi wake na kazi yake ya baadae, mashine ya kusaga ndani, usiifiche, mana ukiificha wewe atakuja mwingine aifichue na mzee ndo ataonekana tapeli. Andika ulichopima, siku zote mbili, na kwamba cha kwanza hakiaminiki na kwa nini. Andika sikio la kushoto limezidi. Alafu andika kwamba upungufu huu unaendana na historia ya kukaa kwenye milipuko ya silaha, na kwamba umri na kelele za kazi vimechangia. "Unaendana na." Hilo neno litakubeba miaka yote ya kazi yako. Anayeamua kulipa au kutolipa ni ofisi inayopokea fomu, sio wewe. Kule Marekani wapimaji wa wastaafu wa jeshi wanaulizwa swali moja, je kuna uwezekano angalau nusu kwa nusu kwamba imetokana na utumishi? Na ikiwa mizani imelala sawa kwa sawa, askari ndo anapewa. Sisi hatuko Marekani, ila mimi hilo la mizani nalipenda, na sioni ubaya ukilibeba kichwani wakati unashika kalamu.

Lakini usiandike kwa karatasi uliyonayo. Pima upya. Asubuhi, amepumzika, umeangalia nta kwanza, sauti ya kukatakata, maelekezo kwa Kinyamwezi kama ndo lugha yake, na ukae naye dakika kumi kabla hujamvalisha kitu. Kama bado hayakai sawa kuna vipimo visivyomtegemea mtu kubonyeza, kile cha mwangwi wa sikio la ndani, na kile cha kubandika waya kichwani kusoma kama sauti inafika kwenye ubongo. Kama huna, mpe rufaa aende kwenye hospitali kubwa yenye nacho, na mwambie sababu kwa maneno ya heshima, "nataka karatasi yako isipingwe na mtu." Hiyo sio uongo.

Kuhusu bosi wako anayesema wazee wa jeshi wana mambo yao, mwambie kazi hii anayoisimamia imeletwa mjini na hao hao. Kabla ya vita kuu ya pili hapakuwa na kitu kinaitwa odiolojia kama fani. Ilikuwa baada ya askari wa Marekani kurudi kwa maelfu hawasikii ndo hospitali zao za jeshi zikaanza kuwapima, kuwachagulia mashine na kuwafundisha upya kusikiliza, na mmoja wa waliofanya kazi hiyo, Raymond Carhart, kwenye hospitali ya Deshon pale Butler, Pennsylvania, mpaka leo anaitwa baba wa fani yenu. Kwaiyo umekula kiapo kwa wazee wa benchi lako hata kabla hujazaliwa.

Kwenda kwake? Nenda. Ila sio peke yako na sio na koti jeupe. Mkewe alipita kazini kwako juzi, unadhani alikuja kukupa habari tu? Mwanamke wa kwetu akitaka kukulaani haji mpaka ofisini. Amekufungulia mlango, mtumie yeye. Aseme siku. Uende na mtu mzima wa upande wako, mama yako au shangazi, au hata mmoja wa wale wazee wawili walioendelea kuja, na huyo ndo mzuri zaidi, mana uliyasema mbele ya benchi kwaiyo samahani nayo isikike mpaka kwenye benchi. Beba sukari na majani ya chai, usibebe asali, utaonekana unamrudishia za kwake. Usianze na fomu. Usiseme "nisamehe ila na wewe." Sema ulikosea, sema hukumuuliza maswali uliyopaswa kumuuliza, na kwamba umekuja kuomba aje umpime upya. Akikaa kimya, kaa na wewe. Akikufukuza ondoka, rudi wiki inayofuata. Na ukiweza mwambie ya babu yako, ile ya kufungua midomo. Itakuuma kuisema, lakini yule mzee ana wajukuu, atajua unazungumzia nini.

Shimesikio zake uziandae. Alizitumia wiki mbili na akazirudisha zimepangwa kwenye boksi, mtu asiyezitaka hazipangi. Punguza kidogo zile sauti kali za juu, kwa wiki za kwanza sufuria na vijiko vinamchoma, utaongeza polepole. Mkewe naye mfundishe kubadili betri, ile ya karatasi ya rangi ya chungwa, abandue karatasi asubiri dakika moja hewa iingie ndo aifunge, na usiku wafungue kimlango cha betri zipumue, jasho na vumbi letu la kiangazi ndo vinaziua. Na mwambie mama huyo asimwite tena toka jikoni. Aende amguse bega, amtazame, ndo aongee.

Lingine umelisema kwa mkato kwenye barua, umepima watu kumi na moja bila kula. Hiyo utaijibu na bosi wako, watu saba kwa siku wanatosha kama unawasikiliza.

Nipe jibu ukirudi. Na ukifika kwake ukikaribishwa ndani, chagua kiti cha upande wake wa kulia.